Simu yako, serikali na vita dhidi ya ugaidi nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mkenya amezoea kupekuliwa mlangoni. Tangu bomu la Agosti 7, 1998, lililoua watu 213 Nairobi na wengine 11 Dar es Salaam asubuhi ile ile, hakuna anayeshangaa askari akimwambia afungue mkoba kabla ya kuingia dukani. Simu si mkoba. Ndani yake mna maneno uliyomwambia daktari, deni unalodaiwa, ugomvi wa ndoa, dua uliyotumiwa na mama, na karibu kila mahali ulipolala mwaka huu. Maswali yafuatayo ndiyo watu huuliza zaidi wakisikia kwamba serikali ina mamlaka ya kunasa mawasiliano ili kupambana na ugaidi. Yanahusu Kenya, majirani wametajwa karibu na mwisho.

Je, serikali inaruhusiwa kusikiliza simu yangu?

Inaruhusiwa, kwa masharti. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, asichukuliwe vitu vyake, asilazimishwe kutoa habari za familia yake pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Lakini haki hii haimo katika Ibara ya 25, yenye orodha ya haki zisizoguswa kamwe, kama kutoteswa na kusikilizwa kwa haki mahakamani. Kwa hiyo inaweza kuwekewa mipaka, na Ibara ya 24 inaeleza kwa namna gani. Lazima iwepo sheria iliyoandikwa, sababu iwe nzito, na kusiwe na njia nyingine ya upole zaidi ya kufikia lengo lile lile.

Mzigo wa kuthibitisha hayo yote uko mabegani mwa serikali. Wewe hudaiwi maelezo ya kwa nini unataka kuzungumza na dada yako bila mtu wa tatu kusikia.

Sheria ya ugaidi yenyewe inasemaje?

Hapa panataka utulivu, maana sheria hii ina milango miwili na wengi wanaujua mmoja tu.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa mwaka 2012. Mlango wake wa kwanza ni kifungu cha 36. Polisi akitaka kunasa mawasiliano yako kupitia mlango huu, lazima awe na cheo cha Inspekta Mkuu kwenda juu (asichanganywe na Inspekta Jenerali, anayeongoza kikosi kizima). Lazima kwanza apate idhini ya maandishi ya Inspekta Jenerali au ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Kisha apeleke ombi Mahakama Kuu. Wewe hutaitwa kujitetea, kwani ombi husikilizwa upande mmoja, na hilo naliona lina mantiki: hakuna haja ya kumnasa mtu uliyekwisha mwarifu. Jaji naye hatoi amri kwa kuombwa tu. Sharti aridhike kwamba kinachotafutwa kinahusu kosa la ugaidi, au mahali alipo mtu anayeshukiwa kulitenda.

Akiridhika, jaji anaweza kuiamuru kampuni ya simu inase na kuhifadhi mawasiliano yaliyotajwa, au kumruhusu polisi aingie mahali fulani na kutega chombo cha kunasia sauti. Kinachopatikana kwa njia hiyo kinaweza kutolewa mahakamani kama ushahidi. Na polisi anayenasa mawasiliano nje ya utaratibu huu ametenda kosa: kifungo kisichozidi miaka 10, faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Huu ni mlango wenye bawabu. Anaweza kusinzia, anaweza kupitisha asiyestahili, lakini yupo na ana jina, na alichoamua kiko kwenye faili.

Na mlango wa pili?

Mlango wa pili ni kifungu cha 36A, na ndio unaonikosesha usingizi.

Kumbuka Kenya ilikuwa wapi. Septemba 2013, katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa. Juni 2014, mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu. Novemba 22, 2014, basi lilisimamishwa Mandera na abiria 28 wakauawa. Siku kumi baadaye, katika machimbo ya mawe huko huko Mandera, wafanyakazi 36. Nchi ilikuwa msibani, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Serikali ikaleta mswada wa kurekebisha sheria nyingi za usalama kwa mkupuo mmoja. Bungeni, Desemba 18, wabunge walisukumana na kupigana, na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Kesho yake Rais akautia saini.

Ndani ya sheria hiyo ndimo kilimozaliwa kifungu cha 36A. Kinasema vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa kufuata utaratibu utakaowekwa na waziri. Vyombo vya usalama wa taifa, kwa mujibu wa Ibara ya 239, ni vitatu: jeshi, Idara ya Ujasusi ya Taifa (NIS) na polisi. Kanuni za waziri haziwi na nguvu mpaka Bunge la Kitaifa lizipitishe, na kifungu kinasema wazi kwamba haki ya faragha inapunguzwa kwa ajili ya mawasiliano yanayohusiana moja kwa moja na ugaidi.

Sasa linganisha. Kifungu cha 36 kina cheo cha afisa, idhini ya maandishi, Mahakama Kuu na adhabu. Katika 36A humo hamna jaji wala DPP. Pana waziri, na waziri ni sehemu ya serikali ile ile inayotaka kusikiliza. Bunge linapitia kanuni, hilo ni kweli, lakini kanuni ni za watu wote kwa jumla. Bunge halitakaa kuuliza kama kuna sababu ya kusikiliza simu ya fundi cherehani mmoja wa Majengo.

Mahakama haikulifuta hilo?

Haikulifuta. Muungano wa upinzani, CORD, ulikwenda Mahakama Kuu pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na Februari 23, 2015, majaji watano wakatoa hukumu. Walifuta vifungu vinane, kikiwemo kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000 na vile vilivyobana vyombo vya habari. Kwa wapenda uhuru ulikuwa ushindi mkubwa, na ulistahili kushangiliwa.

Lakini 36A kilipona. Majaji walikubali kwamba kunasa mawasiliano kunagusa faragha, kisha wakaona kwamba kwa jinsi ugaidi unavyopangwa na kutekelezwa, kikomo hicho kinahalalika. Nawaheshimu majaji wale, na sikubaliani nao hapo. Hakuna anayebisha kwamba gaidi anatumia simu. Shauri lilikuwa juu ya nani aamue kwamba huyu ni gaidi kabla simu yake haijaguswa, na naona jibu la Ibara ya 24 ni jaji, kwa sababu jaji ndiyo ile njia ya upole zaidi, na tayari imeandikwa katika kifungu kinachotangulia, cha 36.

NIS nao wanahitaji kibali?

Sheria yao ya 2012 inasema hivyo. Kwa sadfa, hiki nacho ni kifungu cha 36: faragha ya anayeshukiwa inaweza kupunguzwa, lakini kabla ya kuchukua hatua Idara itafute kibali. Ndiyo maana 36A cha sheria ya ugaidi kinachanganya wengi. Upande mmoja jasusi anaambiwa aende kwa jaji, upande wa pili anapewa utaratibu wa waziri. Mtu akishika vitabu viwili atachagua chepesi.

Machi 2017 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti iliyodai kwamba majasusi wa Kenya wana njia ya moja kwa moja ya kuingia katika mitandao ya simu, na kwamba habari hufikishwa kwa vikosi vya polisi ambavyo baadaye vimelaumiwa kwa mateso na mauaji. Ni madai ya ripoti, hayajawa hukumu ya mahakama. Ila kwa aliyeishi Mombasa miaka hiyo, akaona majirani wakizunguka vituo vya polisi wakimtafuta kijana wao, madai hayo hayapiti sikioni kama upepo.

Nasikia mwangwi na mikwaruzo nikipiga simu. Ninasikilizwa?

Hapana, au tuseme hiyo si dalili. Mikwaruzo hutokana na mtandao dhaifu, mnara uliolemewa au simu iliyochoka. Mawasiliano hunaswa ndani ya mitambo, na wewe husikii chochote.

Kuna tofauti gani kati ya kusikiliza maneno na kuchukua rekodi za simu?

Ni kubwa, na watu huidharau. Rekodi za simu hazina maneno yako. Zina nambari uliyopiga, saa, muda mliozungumza, na mnara uliohudumia simu yako. Wengi hupumua: "Kumbe hawakusikia nilichosema."

Hebu fikiri. Mtu anajua ulipiga simu kliniki fulani saa tatu asubuhi kwa dakika nne, kisha ukampigia mumeo mara sita hakupokea, kisha mama, kwa saa nzima. Maneno ya nini tena? Rekodi za miezi sita zinaonyesha unakosali, unakolala, nani mpenzi wako na nani mdai wako. Ukiongeza miamala ya M-Pesa, maisha yako yamekwisha anikwa kambani.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 imezitenganisha: kifungu cha 52 ni cha kukusanya takwimu za mawasiliano papo kwa papo, na cha 53 ni cha kunasa maneno yenyewe. Vyote viwili vinamtaka afisa aende mahakamani. Hapo watunga sheria walifanya vizuri, na inafaa isemwe.

WhatsApp je? Si wanasema ujumbe umefungwa?

Umefungwa kweli. Ujumbe husimbwa kwenye simu yako na kufumbuliwa kwenye simu ya mwenzako, na aliye katikati, hata kampuni ya simu, anaona mafumbo tu. Lakini kufuli la mlango halisaidii mwizi akiwa chumbani. Mwenye simu yako iliyofunguliwa mkononi husoma kila kitu, na kikundi cha watu 200 kina macho 200. Isitoshe, nani ulimwandikia na lini ni habari inayobaki hata maneno yakifichika.

Kampuni ya simu inaweza kumpa polisi rekodi zangu kwa kuombwa tu?

Isifanye hivyo. Sheria ya Habari na Mawasiliano, kifungu cha 31, inasema kampuni yenye leseni inayonasa ujumbe au kufichua yaliyomo nje ya shughuli zake za kawaida imetenda kosa, faini isiyozidi shilingi 300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kwa kampuni zinazohesabu faida kwa mabilioni, faini hiyo haiumi. Kinachoumiza ni kesi ya madai ya mteja, na ni vyema wateja wakalijua hilo.

Kulikuwa na habari za chombo cha kuunganishwa kwenye mitandao yote. Iliishia wapi?

Mapema mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu ikitaka kuunganisha mfumo wa kusimamia vifaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa simu bandia na za wizi. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kwa hofu kwamba mfumo huo ungefungua rekodi za watu wote, na Aprili 2018 Jaji John Mativo akakubaliana naye. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo: kesi ililetwa mapema mno, Mamlaka iendelee kuzungumza na kampuni na umma kwanza. Chama cha Mawakili kikapanda hadi Mahakama ya Upeo bila kufanikiwa.

Nakumbusha kisa hiki kwa sababu hakikuwa cha ugaidi hata kidogo. Kilikuwa cha simu bandia. Uwezo wa kuchungulia hauji siku zote na jina lake.

Kwa nini nisajili laini kwa kitambulisho?

Kwa sababu kanuni za usajili wa laini zinadai hivyo, na polisi wana hoja: laini isiyo na mwenyewe ni kinyago kizuri cha mhalifu. Mimi nimesajili zangu. Ila tangu siku hiyo kila rekodi niliyoitaja hapo juu ina jina kamili juu yake, na ndiyo maana ulinzi wa rekodi unapaswa kukua sambamba na usajili. Wazee wetu walivaa kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni enzi za mkoloni, na kila mzungu aliweza kusoma humo walikofanya kazi na lini waliondoka. Walichochukia ni kwamba wa kuulizwa walikuwa wao, na wa kuuliza hakuulizwa na mtu.

Mimi si gaidi, sina la kuficha. Hili linanihusu nini?

Swali hili huulizwa na watu wema, na nalijibu kwa heshima.

Kwanza, kutokuwa na la kuficha hakukufanyi utake kuoga uani. Faragha si dalili ya hatia.

Pili, wewe huchagui kama unaitwa gaidi. Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya wanafunzi na wengine, jumla 148, katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilichapisha orodha ya watu na mashirika 86 iliyowahusisha na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Ndani yake walikuwamo MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya Mombasa ambayo Pwani nzima inayajua kwa kutetea walioteswa na kupotezwa. Walikwenda Mahakama Kuu Mombasa, na kabla mwaka haujaisha mahakama ikawa imeona hakuna ushahidi na kuamuru akaunti zifunguliwe. Miezi hiyo yote watumishi hawakulipwa na familia zilizokuwa zikisubiri wakili zilisubiri bure. Hao walikuwa na mawakili ndani ya nyumba. Fikiria muuza samaki wa Vanga.

Tatu, neno ugaidi lina mpira ndani yake, huvutika. Sheria yenyewe, katika tafsiri ya maneno, inasema maandamano na migomo isiyokusudia madhara si ugaidi. Hata hivyo Julai 2025 vijana wengi waliokamatwa kufuatia maandamano walipelekwa Mahakama ya Kahawa wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi. Mwishoni mwa 2024 Tume ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu maandamano ya Juni mwaka huo. Mtu hatekwi mpaka ajulikane aliko, na simu ndiyo inayosema aliko. Kama aliyeitafuta simu hiyo hakupitia kwa jaji, hakuna karatasi ya kumuuliza.

Walioishi Nairobi miaka ya 1980 wanakumbuka Special Branch, polisi wa siri, na wanakumbuka vyumba vya chini ya Nyayo House. Wengi wa walioteswa mle walikuwa walimu na wanafunzi. Hawakuwa na la kuficha isipokuwa maoni.

Kwani kunasa mawasiliano hakujawahi kusaidia?

Kumesaidia, na asiyekubali hilo asisikilizwe. Katika kesi ya Westgate, Oktoba 2020, watu wawili walitiwa hatiani kwa kula njama na kuwasaidia washambuliaji, na mawasiliano yao ya simu na washambuliaji yalikuwa nguzo ya ushahidi. Walifungwa. Familia za waliouawa zilikuwa zimesubiri miaka saba. Katika kesi hiyo hiyo mshtakiwa wa tatu aliachiliwa, kwa kuwa ushahidi dhidi yake haukutosha.

Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Rekodi zilipelekwa kortini, mawakili wakazihoji, hakimu akapima, wawili wakaenda gerezani na mmoja akaachwa. Rekodi iliyochukuliwa kwa siri na kutumiwa kwa siri haimpi mwenye hatia hukumu, wala asiye na hatia njia ya kutoka.

Polisi amenisimamisha barabarani anataka nifungue simu. Nifanyeje?

Kwa upole, muulize kama ana kibali cha mahakama. Kupekua yaliyohifadhiwa ndani ya kifaa kunahitaji kibali chini ya kifungu cha 48 cha sheria ile ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Usimsukume, usikimbie, usivunje simu. Shika kichwani jina lake na nambari yake ya kazi, mahali na saa. Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Simu ikichukuliwa, omba iandikwe kwenye kitabu cha matukio kituoni na uondoke na nambari ya OB.

Najua kuna barabara ambazo ushauri huu ni mgumu kuufuata usiku. Usalama wako kwanza. Karatasi itafuata asubuhi.

Nitajuaje kama nimewahi kunaswa?

Usiposhtakiwa, pengine hutajua milele. Sheria ya ugaidi haimtaki mtu yeyote akuarifu, hata miaka mitano baada ya uchunguzi kufungwa bila kukupata na kosa.

Afrika Kusini wamelitazama jambo hili. Mwandishi wa habari Sam Sole aligundua kwamba simu zake zilikuwa zimenaswa, na kituo chake cha uandishi, amaBhungane, kikafungua kesi. Februari 4, 2021, Mahakama ya Katiba ilisema sheria yao ilikiuka katiba, pamoja na mengine kwa sababu haikutaka aliyenaswa aarifiwe baadaye, wakati kumwarifu hakuwezi tena kuharibu uchunguzi. Ilisema pia mawakili na waandishi wa habari wanahitaji kinga zaidi. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hiyo, ila wakili mzuri anaweza kuisoma mbele ya jaji wa Milimani, na natamani siku moja mmoja aisome.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hainilindi?

Dhidi ya duka, benki au mkopeshaji wa mtandaoni, inakulinda sana. Dhidi ya majasusi, kidogo: kifungu cha 51 kinatoa msamaha pale panapotajwa usalama wa taifa.

Nikiamini haki yangu imevunjwa, niende wapi?

Inategemea aliyekukosea. Kama ni polisi, kuna IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia. Kama ni NIS, sheria yao ilianzisha bodi ya malalamiko. Wachache wanaijua na wachache zaidi wameitumia. Kampuni ikitoa habari zako ovyo, mlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tume ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko ya kila aina bila malipo. Na Mahakama Kuu iko wazi kwa yeyote chini ya Ibara ya 22, hata kwa niaba ya mtu asiyeweza kujitetea. Ukiwa tayari ni mshtakiwa, mwambie wakili wako aangalie Ibara ya 50(4): ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki unapaswa kutupwa ukiifanya kesi isiwe ya haki.

Tanzania na Uganda wana sheria kama hizi?

Wanazo. Tanzania, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, kifungu cha 31, inamtaka polisi apate idhini ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu na kisha amri ya mahakama. Kwa maandishi, mlango huo unafanana na kifungu chetu cha 36. Uganda iliharakisha: mabomu yaliua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kampala, Julai 11, 2010, na siku tatu baadaye Bunge likapitisha sheria ya kunasa mawasiliano iliyokuwa imelala kwa muda mrefu. Hata hivyo hata wao, katika uchungu ule, waliandika kwamba kibali kitatoka kwa jaji.

Mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini kuhusu 36A?

Anaweza kuliandikia Bunge. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria, na huhitaji wakili wala mbunge wa kukushika mkono. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na kutumwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Likipokelewa husomwa ukumbini na kupelekwa kwa kamati, na kamati inatakiwa kulijibu.

Usiandike kwamba unapinga upelelezi, watalitupa. Taja kifungu kwa nambari yake, na uandike maneno unayotaka yaingizwe: kwamba hakuna mawasiliano yatakayonaswa chini ya 36A bila amri ya jaji wa Mahakama Kuu, kwamba palipo na dharura ya saa chache jaji aarifiwe ndani ya muda mfupi uliotajwa, kwamba aliyenaswa bila kosa aarifiwe uchunguzi ukifungwa, na kwamba kila mwaka Bunge liambiwe idadi ya maombi, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Weka jina, nambari ya kitambulisho na sahihi yako, na za majirani kama wako tayari. Bakiza nakala moja yenye muhuri wa kupokelewa.